Turbo kwa Mikono Yako: Mwongozo wa Mtu wa Njoro Asiyetaka Kuambiwa

Una haki ya kulalamika. Probox yako ikitoka Nakuru na watu wanne na magunia ya mbolea, ikaanza kuutafuta mwinuko wa kuja Njoro, ikalia sana na kwenda kidogo, kosa si lako wala si la aliyekuuzia. Kosa ni la hewa. Mombasa hewa inasukuma kwa paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba, hesabu ileile ya fundi wa pancha anapokujazia gurudumu. Njoro tuko karibu mita 2,170 juu ya bahari, na huku zimebaki paundi 11.3 hivi. Toyota waliposema injini yako ya 1NZ ina nguvu ya farasi 109, hawakupima kwenye lango la Chuo Kikuu cha Egerton. Hapo langoni una farasi 85 au chini yake. Ukipanda Mau Narok kufuata karoti na viazi, farasi wengine wanashuka njiani, na mzigo ndio kwanza haujapakiwa.

Kwa hiyo siku moja, mkiwa mmeegemea gari linalopoa, mmoja wenu atasema neno: weka turbo. Wengine wataitikia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuifunga, na ndiyo sababu wana uhakika kiasi hicho.

Wazo lenyewe si la kijinga. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya mtambo unaotumia moshi wa injini kuzungusha feni. Feni hiyo imeungwa kwa shafti fupi na feni ya pili, na hiyo ya pili inasukuma hewa safi kuingia kwenye silinda. Moshi ambao ungepotea bure unafanya kazi. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric akapandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 juu ya bahari. Injini iliyotoa farasi 350 bondeni ilitoa 230 kule juu. Alipowasha turbo ikatoa 356. Yaani mtambo huu ulijaribiwa mlimani, na kwa maradhi haya haya yanayoisumbua Probox yako.

Sasa shika hesabu moja, maana hutaisikia tena mahali popote utakapokwenda kununua kitu. Toa 11.3 kwenye 14.7. Zinabaki 3.4. Hizo ndizo paundi ambazo Njoro inakunyima. Mtu akiweza kuirudishia injini yake paundi tatu na nusu tu, anaendesha gari la Mombasa juu ya mlima, na pistoni hazisukumwi kupita pale zilipotengenezewa. Hakuna kingine kinachodaiwa.

Lakini wewe hukuamka asubuhi kutafuta paundi tatu na nusu. Wewe umeona Subaru.

Na ni nani wa kukulaumu? Nchi hii imelelewa na Safari Rally. Gari la kwanza la turbo kushinda mbio hizo lilikuwa Toyota Celica ya Björn Waldegård mwaka 1984, na Celica hiyo ikarudi kushinda 1985 na 1986. Ian Duncan, Mkenya, akashinda na Celica Turbo mwaka 1994. Colin McRae akaja na Impreza mwaka 1997, na tangu hapo kila kijana wa bonde hili anajua tundu la kwenye boneti ya Subaru ni la nini, au anadhani anajua. Mbio za dunia ziliporudi Naivasha mwaka 2021, magari yalipita Soysambu na Elmenteita, karibu na kwetu kiasi kwamba vumbi lake tumelila. Ambacho hakikuonyeshwa sana ni yule mtu aliyekaa nyuma na kompyuta. Toyota ya miaka ile ilikuja na mafundi, malori ya spea na hata helikopta. Wewe una spana ya namba 12, jeki ya kuazima na shemeji aliyesomea umeme wa nyumba.

Tuanze ununuzi. Turbo ya mtumba utaipata Nairobi, Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanakuita Grogan. Zimepangwa sakafuni, nyeusi, za kila ukubwa, na zote, kwa bahati njema, zimetoka Japani juzi na hazijawahi kufunguliwa. Mjuaji angeinamisha moja, akashika ncha ya shafti kwa kidole gumba na cha shahada, akaisukuma ndani na kuivuta nje. Shafti ikicheza upande kwa upande kidogo, si neno, kwa kuwa oili ndiyo inayojaza nafasi hiyo. Ikisogea mbele na nyuma, beringi imekwisha, na turbo hiyo inafaa kuzuia mlango usijifunge. Mjuaji angetazama pia ncha za mapanga ya feni kama zimemeguka, na angepitisha kidole ndani ya mdomo wa hewa kuona kama kuna oili. Wewe usifanye hayo. Muuzaji ataona humwamini, na ameshakuita boss mara nyingi.

Chagua kubwa. Kama kuna ya lori la Fuso na kuna ya Subaru, bei ikikaribiana, chukua ya Fuso, kwa kuwa ni nzito na mtu anataka kuona pesa yake. Itakufundisha subira. Feni ya lori inangoja moshi mwingi ndipo izunguke, na injini yako ya lita moja na nusu haina moshi wa namna hiyo mpaka ifike mizunguko ambayo Probox huifikia ikiwa imepoteza breki. Halafu turbo ya dizeli haikutengenezewa joto la moshi wa petroli, unaoweza kufika nyuzi 900 na kupita. Utakanyaga pale Njoro mjini, na nguvu itafika ukiwa umeshapita.

Kuna njia ya mkato na ni haki niitaje. Vipo vifilimbi vya bati vinavyoingizwa kwenye mdomo wa ekzosi vikatoa mlio wa turbo. Ni rahisi, vinafungwa kwa skrubu moja, havihitaji oili wala kompyuta, na kwa abiria aliye nje havina tofauti na turbo ya kweli. Katika yote nitakayoeleza hapa, hicho peke yake ndicho ambacho sijaona kikiua injini.

Kama umekataa filimbi, tenga wikendi. Utaambiwa inatosha. Mchana wa Jumamosi utakwenda wote kwenye boliti za manifoldi ya ekzosi. Boliti hizo zimekaa motoni miaka kumi na zaidi, zimeshikana na chuma kilichozishika, na moja itakatika. Haikatiki ya mbele inayofikika. Itakatika ya nyuma, upande wa ukuta wa dereva, ikibakiza kisiki kifupi ambacho koleo halipati pa kushika. Watazamaji, ambao sasa wamefika na wamekaa kwenye tairi, watakushauri uipige. Usipige. Weka nati juu ya kisiki, chomelea ndani ya tundu la nati mpaka ishikane nacho, halafu geuza nati polepole kwa spana ingali na moto. Ule moto ndio unaoilegeza. Inafanya kazi mara nyingi, stima isipopotea katikati.

Manifoldi yenyewe, yaani lile bomba la kuibeba turbo, utaambiwa unaweza kulitengeneza kwa vipande vya bomba la maji. Unaweza. Fundi wa kuchomelea wa jua kali atakukatia vipande, ataviunga, atavisaga kwa grainda ya mkono mpaka ving'ae, na kwa macho ni kazi safi. Kisha bomba litaiva jekundu na kupoa, kuiva na kupoa, huku limening'iniza kilo kadhaa za turbo, hadi siku moja lipasuke pale pale kwenye weldi. Dawa ni chuma kinene zaidi na kishikizo cha kubeba uzito wa turbo kutoka kwenye bloku ya injini. Kishikizo hicho hakionekani kwenye picha zinazopigwa gari likiisha, ndiyo maana hakuna anayekikumbuka.

Sasa oili. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo wengi hulala.

Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo beringi ya gololi ya kawaida ingekuwa unga, kwa hiyo turbo nyingi hazitumii gololi kabisa: shafti inaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Utando ukikatika kwa muda mfupi tu, chuma kinagusa chuma na hadithi imekwisha. Kuileta oili ni rahisi. Unatoa swichi ya taa ya oili kwenye bloku, unaweka kigawanyio cha umbo la T, upande mmoja unarudisha swichi, upande wa pili unaunga bomba jembamba la kwenda turbo. Watazamaji watapiga makofi. Watu wengi wanaamini kazi ya oili imekwishia hapo.

Njoro ina watu wanaojua turbo kuliko Grogan nzima, ila hawavai kofia za Subaru. Ni mafundi wa matrekta. Eneo hili limelima ngano tangu siku za Lord Delamere mwanzoni mwa karne iliyopita, na kuanzia hapa hadi Rongai na Mau Narok kuna matrekta na mashine za kuvuna zenye turbo zilizofanya kazi msimu baada ya msimu kabla wewe hujajua neno lenyewe. Mmoja wa wazee hao atapita njiani na mfuko wake wa spana, atasimama, atainama chini ya boneti kwa muda.

“Kijana wangu, hii oili ikishaingia hapa, inarudi wapi?”

“Inarudi kwa injini, mzee.”

“Kwa injini wapi?”

Jibu lako litakuwa kimya, na watazamaji watageuka kukutazama.

Oili inaingia kwenye turbo kwa presha lakini inatoka bila presha yoyote, imechanganyika na hewa, imekuwa povu. Inateremka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo bomba la kurudishia lazima liwe pana, unene wa kidole gumba au zaidi, litelemke moja kwa moja bila kupinda juu, na liingie kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili iliyolala mle. Likiingia chini ya usawa huo, povu linakwama, oili inajaa kwenye tumbo la turbo, inapenya sili, na ekzosi inaanza kutoa moshi wa bluu. Utaambiwa turbo ni mbovu. Utarudi Grogan kununua nyingine, nayo itatoa moshi uleule, na ya tatu pia, mpaka muuzaji aanze kukuulizia watoto kwa majina.

Maana yake ni kwamba lazima sampu itolewe, itobolewe na ichomelewe kiungio. Utashawishika kuitoboa ikiwa hapo hapo kwenye gari, ukiwa umelala chali, huku umepaka grisi kwenye drili ili ikamate chembe za chuma. Baadhi zitakamatwa. Zilizobaki zitaogelea mpaka kwenye pampu, na kutoka hapo zitatembelea beringi zote za injini moja baada ya nyingine. Toa sampu. Ioshe kwa petroli baada ya kuchomelea, kisha ioshe tena. Na ile gundi nyekundu ya gasketi inayopendwa kila gereji, usiipake kwenye mabomba ya oili ya turbo. Inabanwa, inatokeza ndani, inakatika kipande, na kipande hicho kitaziba kitundu ambacho ndicho pekee kilichokuwa kikiilisha shafti.

Yule mzee wa matrekta atakuwa ameshaondoka. Ukimfuata atakuja, na hatakutoza kiasi unachoogopa. Lakini huu ni mwongozo wa mtu asiyetaka kuambiwa, basi tuendelee.

Hewa ikiongezeka ndani ya silinda, petroli lazima iongezeke kwa kipimo chake. Beryl Markham alikulia hapa Njoro, kwenye shamba la baba yake mfuga farasi. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza kuelekea magharibi, na injini ikazimika upande wa pili kwa kukosa mafuta, inavyoaminika kwa sababu matundu ya kupumulia ya tangi yaliziba kwa barafu. Ndege ilitua kwa pua kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Canada, naye akatoka akiwa hai. Injini yake ilikuwa na heshima: ilipokosa mafuta ilinyamaza. Injini yenye turbo ikikosa mafuta kidogo hainyamazi. Inaendelea kuvuta, na tena inavuta vizuri, huku joto ndani ya silinda likipanda. Dereva anafurahi kuliko siku zote dakika chache kabla ya kutobolewa pistoni.

Injekta za kiwandani zimepimwa kwa farasi 109 na ziada ndogo. Halafu kuna jambo la mbano. Injini zilizozaliwa na turbo, zile za zamani hasa, hubana hewa kama mara 8 au 9 kabla ya kuwasha. Yako, iliyozaliwa bila turbo, inabana mara 10.5. Ukiisukumia hewa iliyokwisha kubanwa na ikapata moto kwenye turbo, petroli haitangoja plagi. Italipuka yenyewe, kabla ya wakati, wakati pistoni bado inapanda. Utasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la Kimbo. Rafiki zako watasema ni turbo inaamka. Ni konrodi inaaga.

Ndipo ujue kwa nini kulikuwa na yule mtu wa kompyuta. Kompyuta ya gari lako inajua injini ya kiwandani. Ina sensa ya kupima hewa inayoingia, lakini mpango wake wa petroli na wa moto wa plagi haukuandikwa kwa hewa ya kusukumwa. Lazima mpango huo uandikwe upya au uwekewe kompyuta ya pili, na mwenye kuuandika awe na kifaa cha kupima mchanganyiko kwenye moshi, siyo yule mwenye kidude cha kuchomeka chini ya dashibodi ambacho kazi yake ni kufuta taa ya injini. Kufuta taa kuna njia nafuu: kipande cha tepu nyeusi juu yake. Madereva wengi wa Rift Valley wamesafiri miaka na tepu hiyo na wana amani kubwa.

Intakula, kile kirejeta cha kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, utaiacha kwa awamu ya pili. Kila mtu huiacha kwa awamu ya pili. Sijakutana na gari lililofika awamu hiyo likiwa na injini yake ya kwanza.

Filta ya hewa nayo usiinunue ile ya uyoga inayong'aa, ukaiacha wazi ndani ya boneti. Vumbi letu ni la volkano, laini, linapita mahali ambapo maji hayapiti, na kuanzia Januari hadi mvua zije barabara za ndani za mashamba zinalitoa kwa mawingu. Mapanga ya feni yanayozunguka mara laki moja yakikutana na vumbi hilo yanalika ncha. Sanduku la filta la kiwandani ni baya kwa sura na ni zuri kwa kazi. Nilitaka kusema hilo tu.

Jumapili jioni utakuwa tayari kuwasha, ikiwa ni Jumapili ya mwezi huohuo. Chomoa kwanza soketi za injekta na koili za plagi, piga stata mpaka uone oili imefika kwenye turbo na inarudi kwenye bomba la chini. Wasiochomoa huwasha moja kwa moja ili wasikie mlio, na kwa sekunde chache za kwanza shafti inazunguka kavu. Mlio ni mtamu kweli. Utasikika hadi kwa jirani, naye atatoka nje kutazama, na utakuwa na furaha ambayo sitaidharau hapa.

Na ikitokea umefanya yote sawasawa, nitakuwa mwongo nikisema hutaona tofauti. Panda barabara ya Mau Narok na mzigo wa karoti, gia ya tatu, pale ambapo zamani ulirudi ya pili na kuomba. Gari linakwenda. Lori ulilokuwa ukilifuata kilomita nzima ukinusa dizeli unalipita palipo peupe, unarudi upande wako, na sindano ya joto haijasogea. Kuna watu wamelifanya hili vizuri, kwa presha ndogo na kwa fundi wa kompyuta, na magari yao yanafanya kazi. Huwasikii kwa sababu hawana hadithi.

Breki hazijaongezewa kitu. Nimeona nilitaje hilo kwa sababu mabonde yetu yanateremka kama yanavyopanda, na kipande cha Salgaa na Sachangwan kimeshazika watu wengi waliokuwa na nguvu ya kutosha na breki zisizotosha. Hapo sina mzaha. Badilisha pedi, diski na oili ya breki kabla ya kununua hata boliti moja ya turbo.

Bima pia haijui. Ulipokata bima kubwa ulijaza fomu ya gari la kiwandani, na mkataba wa bima unasimama juu ya kusema ukweli wote. Ukigonga, mkaguzi wa kampuni atafungua boneti, ataiona turbo yako, na hutahitaji kumweleza mengi. Mwambie wakala mapema. Atakuuliza turbo ni nini hasa, atapiga simu Nairobi, watapandisha ada. Bado ni nafuu.

Limebaki la mwisho, nalo linakuja mwezi wa kumi na mbili. Springi inayoamua turbo isukume kiasi gani, kwenye nyingi za mtumba, imewekwa paundi 7 au zaidi. Paundi 7 hizo zinaongezwa juu ya hewa iliyopo nje. Njoro ni 11.3 na 7, jumla 18.3. Ulirekebisha gari hapa, ukasikiliza hapa, na halikugonga. Mungu akakujalia mapunjo ya Njoro yakalinda pistoni zako bila wewe kujua. Krismasi inakuja, unapakia watoto, mama watoto na mashangazi wawili, unateremka kwenda kuonyesha gari Mombasa. Kila kilomita unayoshuka, hewa inazidi kunenepa. Sindano ya presha kwenye dashibodi inasoma 7 ileile, kwa sababu inapima ziada tu, haikuambii juu ya nini. Ukipita Voi unakaribia 14 na 7. Pwani kabisa ni 21.7, karibu moja ya tano zaidi ya ile injini iliyoizoea, na joto la mchana wa pwani juu yake, na injekta zimeshafika mwisho wake. Kokoto zinaanza kwenye kopo. Mashangazi wanauliza hiyo sauti ni ya nini, na wewe unaongeza redio.

Kwa hiyo kabla ya Krismasi fungua springi, tafuta laini yenye paundi tatu au nne, au mrudie yule wa kompyuta akupangie ya pwani. Ukishindwa yote mawili, acha gari Nairobi kwa ndugu, kateni tiketi za treni ya SGR. Zikateni mapema, Desemba zinaisha.